Kuendesha Fowili Nje ya Lami katika Ardhi ya Umma, Bagamoyo hadi Tanga: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila masika yanapokwisha na barabara za vumbi kuanza kukauka, hunijia maswali yale yale kutoka kwa watu waliojinunulia gari la magurudumu yote manne, lile tunaloliita fowili, na ambao wangependa kulitoa lami kwa mara ya kwanza. Wanauliza kama inawezekana kufuata ufukwe kutoka Bagamoyo hadi Saadani. Wanauliza kama njia yenye alama za matairi ni ruhusa tosha ya kupita, na kama ardhi ya umma si ya kila mtu. Nimejibu maswali hayo barazani, gereji na kwa simu, na sasa nayajibu kwa maandishi, kwa sababu kila msimu naona mikoko iliyokanyagwa, mashamba ya muhogo yaliyopasuliwa katikati na magari yaliyoachwa majini, na karibu kila mara chanzo ni mtu mwema ambaye hakuelezwa.

Mwongozo huu unahusu ukanda wa pwani kutoka Bagamoyo, kupitia Saadani na Pangani, hadi Tanga mjini, pamoja na milima ya Usambara Mashariki upande wa Muheza. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Nyaraka ziwe za kwanza: leseni ya udereva iliyo hai, bima ya gari, kadi ya gari au nakala yake, na kitambulisho cha taifa cha kila abiria, kwani bila kitambulisho hutatozwa kiwango cha raia kwenye malango ya hifadhi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikomi pale lami inapokoma. Askari akikusimamisha kwenye barabara ya vumbi ya kijijini ana haki ya kukuuliza yale yale ambayo angekuuliza barabara kuu.

Ndani ya gari weka tairi la akiba lililojaa upepo, jeki pamoja na ubao mpana wa kuiwekea chini, kipimo cha upepo wa tairi, pampu ya kujazia upepo inayotumia betri ya gari, koleo, panga, kamba ya kuvutia yenye uwezo unaozidi uzito wa gari lako, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za tahadhari, sanduku la huduma ya kwanza na maji ya kunywa yasiyopungua lita 5 kwa kila mtu. Ramani ya simu iwe imepakuliwa kabla ya safari, kwa kuwa mtandao hupotea sehemu nyingi kati ya Makurunge na Mkwaja. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu cha ziada, nunua mbao au plastiki ngumu za kuweka chini ya matairi, uache winchi, yaani mashine ya kujivuta kwa waya. Winchi inahitaji mti wa kufungia, na kwenye mbuga za Saadani unaweza kukwama mahali ambapo mti wa karibu uko mbali kuliko urefu wa waya wako.

Mwisho, usiende peke yako. Magari mawili ndiyo idadi ya chini.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye ardhi ya nani

Hii ndiyo hatua wanaoanza huiruka, nami naihesabu kuwa kubwa kuliko ufundi wote wa usukani. Ni kweli kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimeigawa ardhi hiyo katika mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Kila fungu lina msimamizi wake. Kwa hiyo hakuna pori la Bagamoyo, Pangani au Muheza ambalo halina mtu wa kuulizwa. Lililopo ni pori ambalo wewe hujajua muulizwaji wake ni nani.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, pamoja na msitu wa Zaraninge uliomo ndani yake. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Mikoko, hata ile iliyo nyuma ya nyumba za watu, ni msitu wa hifadhi, na TFS ndiyo inayoisimamia. Pwani ya Tanga, upande wa bahari, ina hifadhi ya silikanti, samaki wa kale wa bahari ya kina, iliyotangazwa mwaka 2009. Kinachobaki kati ya maeneo hayo mara nyingi ni ardhi ya kijiji, hata kama huoni nyumba kwa kilomita kumi, na sehemu kubwa ya Muheza na Pangani imekatwa na mashamba ya mkonge ambayo barabara zake zilizonyooka humdanganya mgeni akadhani ni za halmashauri.

Onyo: alama za matairi si ruhusa. Zinaweza kuwa za gari la doria, za lori la mkaa lililopita usiku kwa siri, au za mtu mwingine aliyepotea kabla yako.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, na uiombe kwa njia inayostahili

1. Kwa hifadhi ya taifa, lipia kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu. Malango ya TANAPA hayapokei fedha taslimu, na wapo waliofika getini na noti mfukoni wakarudishwa. Viwango hutangazwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa hiyo usitegemee bei uliyoambiwa na rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

2. Kwa msitu wa hifadhi, fika ofisi ya TFS ya wilaya au lango la msitu wenyewe; kwa Amani, lango liko Zigi, njia ya kutoka Muheza. Eleza unakwenda na magari mangapi na utalala wapi. Usiombe ruhusa ya kutalii halafu ukaingia na gari kwenye njia ya miguu.

3. Kwa ardhi ya kijiji, nenda kwenye ofisi ya serikali ya kijiji ukamwone mwenyekiti au mtendaji. Shuka garini, piga hodi, amkia wazee shikamoo, na usianze na shida yako kabla ya salamu kukamilika. Ukiulizwa unakotoka, jibu kwa kirefu. Kitabu cha wageni kisaini kwa jina lako kamili na namba ya gari. Dakika ishirini za ofisini huokoa siku nzima, kwa sababu mtendaji anajua daraja lililobomoka wiki iliyopita, naye ndiye atakayekutafutia vijana wa kukusukuma ukikwama.

4. Kwa shamba la mkonge au majaruba ya chumvi, muulize mlinzi, na akikataa, geuza gari bila kubishana. Matuta ya majaruba hayakujengwa kubeba gari; ukilivunja tuta moja umemwaga kazi ya mtu ya msimu mzima.

Hatua ya 3: Chagua wakati

Masika ya Machi hadi Mei usiyajaribu kabisa kama ndiyo unaanza. Vuli huwa fupi zaidi, lakini mvua moja ya Novemba inatosha kufunga njia ya udongo mweusi kwa siku mbili au tatu. Miezi mizuri ni Julai hadi Septemba.

Kumbuka pia kwamba mto haujazwi na mvua unayoiona wewe. Wami hukusanya maji kutoka milima ya Morogoro na nyanda za Dodoma, na Pangani huanzia Kilimanjaro na Meru, kwa hiyo unaweza kukuta maji yamepanda huku anga la pwani ni jeupe.

Kama njia yako inagusa pwani, jifunze saa za maji kama wavuvi wanavyozijua. Kati ya kujaa na kupwa kuna saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, yaani zile zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita 3 na zaidi, na ufukwe uliouona mpana saa nne asubuhi unaweza kuwa haupo kabisa alasiri. Muulize mvuvi yeyote dikoni, yaani pale wanaposhushia samaki. Atakujibu bila kutazama saa.

Hatua ya 4: Andaa gari lako asubuhi ya safari

Kagua mafuta ya injini, maji ya rejeta, breki na boliti za matairi. Jaribu fowili ya juu (ya mwendo wa kawaida) na ya chini (ya nguvu nyingi na mwendo mdogo) ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, maana wengi hugundua kwamba fowili haiingii pale walipoihitaji.

Kisha upepo. Hakuna jambo litakalokusaidia kwenye mchanga kama kupunguza upepo wa matairi, na hakuna jambo linalosahaulika zaidi. Gari lenye psi (kipimo cha upepo wa tairi) 32 hadi 35 barabarani lishushwe hadi 24 au 26 kwenye njia ya mawe na vumbi, 20 hadi 22 kwenye tope, na 15 hadi 18 kwenye mchanga laini. Tairi lenye upepo mdogo hutanuka, uzito wa gari ukagawanyika, na gari likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Lakini chini ya psi 18 usizidi kilomita 30 kwa saa na usikate kona kwa ghafla, kwani tairi linaweza kutoka kwenye rimu. Pima matairi yakiwa ya baridi. Yakiwa yametembea jua kali husoma zaidi ya hali halisi.

Hatua ya 5: Endesha ndani ya njia iliyopo

Kanuni ni moja na haina msamaha: gari lisitoke kwenye njia. Ndani ya Saadani ni amri ya hifadhi, pamoja na kutozidi kilomita 50 kwa saa, kutoendesha usiku, kutoshuka garini isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, na kutopiga honi. Nje ya hifadhi, ifanye kuwa amri yako mwenyewe.

Nitaeleza sababu kwa jambo lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita, katika ardhi ya kijiji kimoja magharibi mwa Saadani, nilikuta dimbwi katikati ya njia na nikaona ni busara kulikwepa kwa kupita kwenye nyasi za pembeni. Nyasi zilikuwa kijani na zilionekana imara. Chini yake kulikuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba ukipata maji, na gari lilizama hadi kwenye ekseli. Tulichimba kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Niliporudi mwaka uliofuata, mitaro miwili niliyoiacha ilikuwa bado ipo, imekauka kama saruji, na madereva wengine walikuwa wamekwepa mitaro yangu kwa kupita mbali zaidi, hivyo njia moja ilikuwa imekuwa njia tatu. Mwenye malisho yale aliniambia ng'ombe wake mmoja alivunjika mguu humo. Tangu siku hiyo, dimbwi nalipita katikati au narudi nilikotoka.

Kupita katikati kuna utaratibu wake. Simamisha gari, tazama kama kuna alama za magari yaliyotoka upande wa pili, ingiza fowili ya chini kabla ya kugusa maji, chagua gia ya pili, na nenda kwa mwendo mdogo usiobadilika bila kukanyaga klachi katikati.

Onyo kuhusu mito: vitabu vingi vya nchi nyingine hushauri dereva atembee majini kwanza kupima kina. Usifanye hivyo Wami, Ruvu wala Pangani. Mito hiyo ina mamba na viboko. Mahali ambapo wenyeji hawavuki, nawe usivuke.

Ufukwe nao unahitaji maelezo ya peke yake. Kwanza, huwezi kufuata pwani kutoka Bagamoyo hadi Saadani hata ungekuwa na gari la namna gani, kwa sababu milango ya mito Ruvu na Wami inaikata pwani hiyo. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito ambamo shughuli zinazoweza kuharibu mazingira zimezuiwa. Tatu, kasa. Kasa wa kijani hutaga kwenye fukwe zetu, pamoja na ufukwe wa Madete ndani ya Saadani, na mayai hukaa chini ya mchanga kwa takriban miezi miwili juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, yaani pale pale ambapo dereva huona mchanga mkavu wa kuvutia. Tairi hushindilia mchanga juu ya kiota, na hata mayai yakinusurika, kitoto cha kasa kikiangukia kwenye mtaro wa tairi hukifuata badala ya kwenda baharini, hadi jua au kunguru wakimalize. Kwa hiyo shuka ufukweni pale tu ambapo njia ya kijiji inafika dikoni kuchukua samaki, na geukia hapo hapo.

Uwanda mweupe ulio nyuma ya mikoko, unaong'aa kwa chumvi na kuonekana mgumu kama uwanja wa ndege, ni mtego. Ganda lake ni jembamba na chini kuna tope la bahari.

Kwa milima ya Usambara, shida ni mteremko wa udongo mwekundu. Teremka kwa fowili ya chini, gia ya kwanza, ukiiacha injini ishike gari badala ya breki. Anayepanda apewe nafasi, hasa malori ya chai, ambayo yakisimama katikati ya mlima hayaondoki kirahisi. Usioshe gari wala kumwaga mafuta machafu kwenye vijito vya Amani. Maji hayo huingia mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambalo watu wa Tanga mjini wanakunywa.

Hatua ya 6: Watu na wanyama

Punguza mwendo hadi mwendo wa baiskeli unapopita kitongojini, ili vumbi lisiingie kwenye vyungu na kwenye dagaa walioanikwa. Ukikutana na kundi la ng'ombe, simama, zima injini, mwache mchungaji alipitishe. Ukifungua uzio au kizuizi, kifunge kama ulivyokikuta.

Usiegeshe juu ya nyasi ndefu kavu, kwa kuwa ekzosi yenye moto huwasha nyasi hizo kwa dakika chache. Tafuta udongo mtupu.

Hatua ya 7: Kutoka

Toka hifadhini kabla ya giza. Jaza upepo wa matairi kabla ya kuingia lami, kagua chini ya gari kama kuna nyasi zilizonasa karibu na ekzosi, na mpigie mtendaji au mtu wa lango kumwambia mmetoka salama, la sivyo wanaweza kuanza kuwatafuta.

Mambo yakiharibika

*Gari limezama kwenye mchanga.* Acha mafuta mara moja. Kila sekunde ya kukanyaga ni sentimita nyingine chini. Shusha abiria, punguza upepo hadi psi 15, chimba nyuma ya matairi yote manne, kisha jaribu kutoka kinyumenyume kwa njia uliyoingilia, kwa kuwa hapo mchanga umeshashindiliwa.

*Limezama kwenye udongo mweusi.* Upepo hautasaidia sana. Inua gari kwa jeki iliyo juu ya ubao mpana, tairi moja moja, jaza chini yake mbao zako au mawe, na usikate matawi ya msitu wa hifadhi kwa kazi hiyo. Kama mvua inaendelea kunyesha, pumzikeni hadi ikome; udongo ukianza kukauka hubadilika kabisa.

*Gari la pili linakuvuta.* Funga kamba kwenye ndoana zilizoshikwa na chasi. Usifunge kamwe kwenye kichwa cha kuvutia tela, maana kikikatika huruka kama risasi na kimewahi kuua watu. Weka blanketi au koti zito katikati ya kamba, na kila asiye na usukani asimame mbali kuliko urefu wa kamba.

*Giza limekukuta ndani ya hifadhi.* Usijaribu kukimbiza muda. Piga simu kwenye namba iliyoandikwa kwenye kibali chako, eleza ulipo, na ufuate maelekezo. Kaeni garini.

*Mgambo au mwanakijiji amekusimamisha akidai umeingia pasipo ruhusa.* Zima injini, shuka, salimia, onyesha kibali au taja jina la mtendaji aliyekusainisha. Kama kweli umepotea njia, kiri na uombe kuonyeshwa pa kutokea. Faini ikitajwa, omba namba ya malipo ya serikali au stakabadhi ya kijiji.

*Umeharibu mazao.* Usiondoke. Mtafute mwenye shamba kupitia mwenyekiti wa kitongoji, mkubaliane fidia mbele yake, na iandikwe.

*Maji ya chumvi yameingia chini ya gari.* Siku hiyo hiyo, ukishafika mjini, oshesha kwa maji yasiyo na chumvi, ya kutosha, chasi, ndani ya rimu, breki na sehemu za waya, kisha endesha kilomita chache ukikanyaga breki kidogo kidogo ili zikauke. Kama maji yalifika kwenye ekseli, fundi afungue difu na gia boksi atazame mafuta: yakiwa na rangi ya maziwa, yamwagwe yote yawekwe mapya kabla gari halijatembea tena.